Seremala Aliyeona Haya ya Mbao

"Mlango wangu hauna ubaya wowote!" Futi alifoka. "Ubaya uko kwenye mikono ya watu wa nyumba hii. Mnaubamiza kama mnafukuza mbwa!"

Watu wa nyumba hiyo walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe na mkewe, ambaye ni mdogo wangu wa mwisho. Mimi nilikuwa mgeni, nimesimama nje na kapu mkononi, na mlango wenyewe ulikuwa umekwama katikati, haufunguki wala haufungiki. Mdogo wangu alikuwa upande wa ndani. Niliona jicho moja na nusu ya pua.

"Utaubamizaje mlango usiofika kwenye fremu?" liliuliza lile jicho. "Tangu mvua zianze haujafika."

"Ulipokuwa unafika uliubamiza."

"Ulipokuwa unafika! Kiangazi kizima kuku wa jirani alikuwa anapita pembeni yake bila hata kukunja bawa."

Nilipitisha kapu dirishani nikawaacha. Kwa umri wangu huu siingii nyumba za watu kama mwizi.

Futi ni seremala. Tulimpa jina hilo kwa sababu futi yake ya kupimia haitoki kiunoni, hata msibani huja nayo, na nimewahi kumwona kwa macho yangu akipima jeneza ambalo hakulitengeneza yeye ili apate la kusema. Kazi yake anaijua. Ukifungua mlango mtaani kwetu ukafunguka bila kulia, huo ni wa Futi. Wa zahanati ni wake, wa duka la dawa ni wake, na wa chumba changu cha kushonea ni wake pia. Maneno ninayo mengi juu ya mtu huyu, lakini hilo sitamnyima.

Kinachonishangaza ni kwamba mtu anayeishi kwa mbao alikuwa hataki kulala ndani ya mbao. Alizaliwa kwenye chumba ambacho baba yake alikijenga kwa makasha ya bandarini, kuta zimejaa herufi, nyingine zimepinduka miguu juu. Watoto wenzake walikuwa wanasimama nje wanasoma ukuta kwa sauti, halafu wanacheka. Basi akajiapia kwamba yeye atalala ndani ya tofali au atalala nje. Ukimwambia nyumba ya mbao anakujibu, "Hilo ni banda." Watu waliomlipa awajengee mabanda hayo aliwaita waheshimiwa.

Alipokuja kumuoa mdogo wangu alikuwa na uwezo wa kununua kiwanja kidogo kule juu nyuma ya soko, au kiwanja kikubwa huku chini, ukingoni mwa kinamasi, mahali ambapo bahari ikijaa sana maji huja kuchungulia. Dalali akampeleka huku chini mwezi ule mzuri, mvua zimekwisha na jua halijakaza. Ardhi imelala sawa kama meza, hapana jiwe, hapana kisiki. Futi akatoa futi. Mtu mwenye futi akiona mahali palipo sawa huwa amekwisha.

Aliponiita nikaone, nilikuta udongo umeota ukoko mweupe kama mtu kamwaga unga akaondoka. Mimea yenyewe ilikuwa vijiti vinene vya majimaji vinavyotambaa, hata mbuzi walikuwa wanavipita. Nikagusa ule weupe kwa kidole, nikaonja.

"Futi, hii ni chumvi."

"Ndiyo, shemeji, na chumvi inafukuza mchwa. Nyumba yangu haitaliwa na mchwa."

Na kweli mchwa hakuja. Mchwa ana akili.

Tofali alizifyatua papo hapo, kwa udongo wa papo hapo na maji ya kisima cha papo hapo, ambayo hata chai hayakubali. Juu udongo ulikuwa wa kahawia, mgumu hata jembe linaruka. Chini kidogo ukawa wa kijivu, unanata, na unanuka mayai yaliyooza. "Hiyo ndiyo harufu ya rutuba," alitangaza, kama vile alikuwa anapanda tofali. Nyingi zilipasuka zikiwa zinakauka. Zilizobaki alizichoma, akajenga, akapiga lipu, akapaka rangi ya bluu. Alipoanza kutafuta mapazia, mimi nikashona ya madirisha yote, naye akaahidi kunitengenezea meza ya kukatia vitambaa, kwa maana nilikuwa nakata sakafuni na magoti yangu si ya msichana. Tukapeana mikono. Mapazia akatundika.

Meza sikuiona, kwa sababu nyumba ilianza kazi yake.

Kwanza kuta zilitoa unga. Chumvi ilipanda kutoka chini, ikasukuma rangi, rangi ikadondoka kama magamba, na mdogo wangu akawa kila asubuhi anazoa unga usiopikika. Bawaba zikaota kutu, zikabadilishwa, zikaota tena. Halafu likaja jua. Ule udongo ukikauka hunywea, unapasuka nyufa za kuingiza mkono, na nyumba iliyokaa juu yake hufuata. Fremu ikaachana na ukuta, mlango ukaachana na fremu, na huyo kuku akapata njia. Futi akapigilia ubao mwembamba kuziba nafasi. Mvua zikaja. Udongo ukanywa, ukavimba, ukainua kona moja ya nyumba na kuiacha nyingine, na mlango ukabanwa kama kidole. Futi akaleta randa, akaupunguza. Jua likarudi. Akapigilia ubao. Ule mlango ukawa na viraka vingi kuliko shati lake la kazini.

Na kila msimu alikuwa na mtu wa kulaumu. Muuza mbao alimuuzia mbao mbichi. Bawaba zilikuwa za bandia. Mkewe ana mkono mzito. Hata mimi nilipata fungu langu: macho yangu, alisema, yana kijicho, ndugu wa mke hawapendi kuona mtu amejenga. Udongo peke yake ndio haukulaumiwa, kwa kuwa udongo alikuwa ameuchagua yeye.

Mdogo wangu ndiye aliyeuchunguza. Kiangazi kimoja alichomeka mti wa kuanikia nguo kwenye ufa nyuma ya jiko, akauzamisha mpaka ukafika kwenye kitu laini, na alipouvuta ncha ilikuwa imeshika tope la kijivu, bichi.

"Njoo uone," alimwita mumewe. "Huku juu ndiko kunakocheza, maana kunakauka na kulowa. Kule chini hakukauki mwaka mzima, kwa hiyo hakuna ufa."

"Lo! Mke wangu amekuwa mpima ardhi."

"Sijawa chochote. Nimechoka tu."

Akaja kwangu akakaa karibu na cherehani, akaokota vipande vya uzi sakafuni kimoja kimoja. "Dada," akasema, "mimi naoga huku nimeegemeza mguu mlangoni. Nikilala naweka ndoo, mtu akisukuma nisikie. Nimemwambia: mvua kubwa zikinikuta bila mlango unaofungwa, narudi kwa mama."

"Amesemaje?"

"Amecheka. Halafu hakula."

Nikajua ameogopa. Lakini mtu wa aina ile akiogopa huongeza majigambo. Shule ilikuwa inajenga madarasa mapya, na mwalimu mkuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alikuwa anatafuta fundi wa milango. Badala ya kumpeleka zahanati akaone kazi nzuri, Futi akamwalika nyumbani, apokelewe sebuleni kwa heshima. Mimi nikaombwa kuja kusaidia chai. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, mapema kuliko ilivyotarajiwa, na alfajiri mlango ulikuwa bado unakubali kwa kubembelezwa. Tukaingia. Tukachemsha maji.

"Hodi!" mwalimu mkuu akaita.

"Karibu, mwalimu, karibu sana!" Futi akashika komeo, akavuta. Mlango ukakaa. Akavuta kwa mikono miwili. Mlango ukakaa vilevile.

"Nisukume?" sauti ikauliza nje.

"Hapana, mwalimu, subiri kidogo! Ni kitasa, kitasa kipya, bado hakijazoea."

Akaweka mguu ukutani akavuta, na kilichotoka ni kipande cha lipu ukubwa wa sinia. Mimi nilishikilia birika nikatazama chini, maana ningemtazama mdogo wangu ningecheka. Mwishowe Futi akarekebisha kola ya shati, akapanda dirisha. Futi yake ikanasa kwenye ndoano ya dirisha. Yeye akatua nje kwenye tope, ndala zikabaki humo, akateleza hatua kadhaa kama mtu aliyekanyaga sabuni, na utepe ukawa unamfuata nyuma, mrefu, wa njano, mpaka mbele ya mgeni.

Mwalimu mkuu alitazama utepe, akatazama miguu yenye tope, akatazama mlango.

"Fundi," akasema, "na madarasa yangu nayo yatahitaji madirisha makubwa?"

"Mwalimu, huu ni unyevu tu wa—"

"Nitakujulisha."

Sote tunajua kujulishwa kwa namna hiyo. Alipoondoka niligeuka nikamkuta mdogo wangu amefunga furushi. Sikujua alilifunga saa ngapi. Nadhani lilikuwa tayari chini ya kitanda. Akalipitisha dirishani, akapita yeye.

"Unakwenda wapi?" Futi akauliza, bado hana ndala.

"Kwenye mlango," akajibu.

Tulikwenda kwa mama. Mama alisogeza mkeka wake kupisha wa pili. Asubuhi mdogo wangu akawa anakuja kwangu kushona vifungo, na mimi sikumsemesha habari za mume.

Futi alikaa wiki nzima bila kuonekana, kisha akaja. Alisimama kizingitini pangu, akaufungua mlango wangu na kuufunga, akaufungua na kuufunga, mpaka nikamwambia aingie au atoke, hewa inanipeperushia vitambaa.

"Shemeji, ule udongo umenishinda."

"Sisikii, cherehani inapiga kelele."

Nilikuwa nimeinua mguu kabisa, cherehani imenyamaza. Akarudia, kwa sauti ya kupimwa. Halafu akasema anachoweza kufanya ni kusimamisha nguzo ndefu, zipite ule udongo unaocheza zifike kwenye ule usiokauka, na juu yake ajenge kwa mbao, viungo vya vigingi vya mti badala ya misumari, kutu isipate pa kuanzia. "Lakini mtanicheka," akamalizia.

"Tunakucheka tayari, Futi. Tofauti ni kwamba sasa tunakucheka na huna mlango."

Mdogo wangu alikata uzi kwa meno, hakuinua kichwa.

Akabomoa. Tofali nyingine alizibomoa kwa vidole, zilikuwa unga ndani. Akachimbia nguzo akitukana dalali, akitukana mvua, akitukana hata tope kwa kunuka, ile rutuba yake ya zamani. Mvua kubwa zikapiga, ardhi ikavimba, mimi nikaenda makusudi kuangalia aibu yake. Nguzo zilikuwa wima. Akaweka sakafu, kuta, paa. Watoto wa mtaa wakapita wakasema banda, naye akawatupia maneno lakini akaendelea kupiga randa.

Siku aliyorudi kwangu alisimama nje kabisa, hakugusa mlango.

"Shemeji, imebaki kazi moja. Mlango. Na mbao zimeniishia."

"Nenda kwa muuza mbao."

"Hataki kunikopesha, nilimtukana sana." Akakuna shingo. "Zipo mbao ngumu, kavu, nzuri. Nilizitenga siku tuliyopeana mikono, sijazigusa. Ni za meza yako."

Nilikuwa nimepiga magoti sakafuni, mkasi mkononi, kitambaa cha watu kimetandazwa mpaka chini ya kabati. Miaka yote hiyo nilidhani mbao hazipo. Kumbe zipo, zimekaa zinanisubiri, na mtu amehangaika na viraka bila kuzigusa. Nilitaka sana kumtukana, na neno zuri nilikuwa nalo.

Mdogo wangu alikuwa ameacha vifungo. Alikuwa ananitazama tu.

"Zichukue," nikasema. "Meza nimekusamehe. Tusidaiane tena."

"Shemeji, nitakutengenezea nying—"

"Usiniahidi kitu, Futi! Nimesema nimesamehe. Ukiniahidi tena utakuwa umeanza deni jipya, na hilo sitalisamehe. Nenda, unanikanyagia kitambaa."

Mdogo wangu akachomeka sindano kwenye kifuko chake cha pini, akasimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni.

"Ziko wapi hizo mbao?" akamuuliza mumewe. "Twende, wewe utashika upande mmoja."

Nikarudi kukata, sakafuni.