Siku Nne za Kitabu cha Dawa

Ukimuuliza mtu yeyote wa chuo kile nani alikuwa na roho ngumu kuliko wote mwaka wa ugonjwa, hatakutajia mkuu wa chuo wala mlinzi wa getini. Atakwambia ni yule mama wa maktaba, wa dirisha la kuazima, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Siku Nne. Na jina lilimkaa. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amegonga mihuri ya tarehe kwenye kaunta ile, na hakuna hata mmoja aliyechelewesha kitabu akachekewa.

Ugonjwa ulipoingia, wasomaji wote walitolewa. Viti vikapandishwa juu ya meza, mlango mkubwa ukatiwa kufuli, kikabaki kidirisha kimoja cha nyuma kinachotazama barabara, kile ambacho zamani kilitumika kupokelea magazeti. Mwanafunzi alipiga simu, akataja kitabu, akaja kukichukua dirishani na barakoa yake usoni. Vitabu vilivyorudishwa havikupelekwa rafuni moja kwa moja. Vilitandazwa kwenye meza za chumba cha mikutano, kila meza na kadi ya tarehe, vikapumzika siku nne kamili ili kijidudu kama kipo kwenye karatasi kijifie chenyewe. Amri ilitoka kwa mkuu wa maktaba, lakini ufunguo wa chumba aliuvaa Siku Nne shingoni.

Mkuu mwenyewe, tusifichane, alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa kwake na kila asubuhi alituma ujumbe kujisifu kwamba chuo kina vitabu elfu arobaini mtandaoni. Ni kweli vilikuwepo. Ila vilifunguka tu kwa mtu aliye ndani ya uzio wa chuo, na wanafunzi walikuwa wamepigwa marufuku kuingia ndani ya uzio wa chuo! Walipokuja juu hawakumkuta yeye. Walimkuta mama wa watu dirishani, wakamporomoshea yeye matusi yote.

"Mnanifokea mimi, hiyo mitambo niliifunga mimi?" aliwajibu, naye hakuwa mtu wa kumeza. "Nendeni mkamfokee aliyewaahidi. Anayefuata!"

Jumatano moja alikuja profesa wa sheria akitaka kitabu kilichokuwa na siku mbili tu mezani.

"Unajua mimi ni nani?" profesa aliuliza.

"Nakujua sana. Kitabu chako kitatoka Ijumaa."

Profesa alipiga simu kwa mkuu, mkuu akampigia Siku Nne na kumkaripia kama mtoto. Jioni, aliposikia wahadhiri wengine wanamsifu yule mama kwa msimamo, akageuka, akaandikia chuo kizima kwamba hakuna mtu atakayependelewa. Siku Nne aliusoma ujumbe huo akasonya.

Ijumaa yake, saa sita mchana, kwenye foleni alisimama mdogo wake.

Walikuwa wawili tu kwa mama yao. Baba alipofariki, karo ilitosha mtoto mmoja, na mkubwa ndiye aliyetolewa shule akaenda kufagia maktaba, kisha kupanga rafu, mpaka akafika kaunta. Mdogo akasomeshwa, akaacha katikati akaolewa, na sasa, akiwa na miaka thelathini na sita na watoto wawili, alikuwa amerudi kusomea uuguzi. Mkubwa hakumsamehe lile la kuacha, na lile la kurudi hakulisamehe pia. Kwenye vikao vya familia mdogo alikuwa na tabia ya kusema, "Dada, haya mambo wewe huwezi kuyaelewa," na watu wakacheka.

Somo moja lilikuwa limemwangusha, somo la dawa na vipimo vyake. Mtihani wa marudio ulipangwa Jumatatu asubuhi, kwa kuwa hospitali zilikuwa zinalilia wauguzi na chuo kiliwaruhusu hao wanafunzi wachache waingie kuufanya. Akianguka tena, anaondolewa.

"Dada, habari za kazi."

"Sema shida yako, watu wanangoja."

"Kile kitabu cha dawa. Nimesikia kimerudi."

"Kimerudi leo asubuhi. Kitatoka Jumanne."

"Mtihani ni Jumatatu, dada. Unajua. Na nakala ni hiyo hiyo moja."

"Juzi nimemnyima profesa. Leo nikupe wewe, hawa nitawaambia nini?" Akaelekeza kidevu kwenye foleni.

"Nipe na glavu. Nitakisomea hapa hapa nje, mbele ya macho yako. Nikiugua, nimejitakia."

"Ungekuja mapema. Mwezi uliopita kilikaa rafuni hakina mtu."

Mdogo mtu akaishusha barakoa, jambo lililokatazwa, ili asikike vizuri. "Mwezi uliopita nilikuwa namuuguza mama. Mama yetu. Zamu zangu na zamu zako, maana wewe ulikuwa na kazi."

"Pandisha barakoa yako."

"Dada."

"Pandisha barakoa, upishe wenzako."

Akapisha. Foleni nzima ilisikia, na mmoja akapiga mluzi. Siku Nne alivuta kidirisha, akasema anakwenda kunywa maji.

Na hapa lisemwe ambalo hakumwambia mtu. Wakati anavuta kile kidirisha, alisikia raha. Raha kabisa, ya kumwona yule msomi wa familia amesimama juani akiomba kitu ambacho yeye, aliyetolewa shule, ndiye mwenye ufunguo wake. Ilikaa kifuani kwa muda wa kumaliza glasi moja ya maji, kisha ikaondoka. Jumamosi na Jumapili ufunguo ulikuwa shingoni, na maktaba ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Alifua, akapiga pasi, hakwenda.

Mdogo alianguka kwa alama tatu. Barua ya kumwondoa ilifika wiki ya pili, na tangu hapo hakupokea tena simu ya dada yake.

Miezi mitano baadaye ukaja waraka. Wataalamu walikuwa wamechunguza wakaona ugonjwa unasafiri zaidi kwa pumzi za watu, na vitabu hakuna haja ya kuvipumzisha hata saa moja.

"Kumbe tulikuwa tunajisumbua bure, mama!" mkuu alicheka kwenye simu. "Toa hizo kadi."

"Bure kwako," alimjibu, akakata. Alikusanya kadi zote kwenye kikapu cha taka kwa hasira, na hakujua hasa amkasirikie nani. Kisha akaukunja waraka, akauweka kwenye mkoba, akaenda kwa mdogo wake bila kuitwa.

Alimkuta uani anafua sare za watoto.

"Soma," alimwambia.

Mdogo alijifuta mikono kwenye kanga, akasoma mpaka mwisho, polepole, kama mtu aliyezoea kusoma.

"Kwa hiyo hukujua," alisema.

"Sikujua. Hakuna aliyejua, mdogo wangu. Naapa."

"Sawa. Nikuulize kitu kimoja tu, na unijibu kweli. Ungejua siku ile kwamba karatasi haina kitu, ungenipa?"

Siku Nne alifungua mdomo. Jibu lilikuwa neno moja, ndiyo, na njia nzima alikuwa anatembea nalo. Halikutoka. Mdogo wake alingoja. Kisha akamrudishia waraka, akainamia beseni, akaendelea kufua.