Nilivyowapa watoto wa Chang'ombe kamusi, mwalimu mkuu akaja juu

Wakuu, najua humu wengi ni wajukuu zangu, basi marahaba kabla hamjaniamkia.

Hii siyo chai. Yamenikuta mwenyewe, na ninaandika mwenyewe, kidole kimoja.

Enzi za Mwingereza nilikuwa mwalimu mpya Chang'ombe, darasa la nne. Shule nzima ilikuwa na kamusi moja ya Kiingereza na Kiswahili, na mwalimu mkuu kaifungia kabatini. Mtoto akikwama neno, amuulize yeye. Asipokuwepo, mtoto abaki hivyohivyo.

Mie ikanikera. Siku kabati limeachwa wazi, nikaichukua nikaipeleka darasani.

Kumbe kuna ishu nyingine. Wale watoto walikuwa wanasoma chuoni, Kurani, na huko kitabu kinaanzwa mwanzo, ndiyo adabu. Binti mmoja, Zuhura, nikampa neno la herufi S. Akaanza ukurasa wa kwanza, kidole mstari kwa mstari. Kengele inalia, yuko B! Nikimwambia afungue katikati, ananitazama kama nimetukana.

Kesho yake nikawapanga uwanjani kwa herufi za majina, Abdallah mbele, Zuhura mwisho kabisa. Nikawauliza, nikimtaka Zuhura, nianze kumkagua Abdallah? Wakacheka. Wiki haijaisha, wanafungua kamusi palepale panapotakiwa. Nilifurahi jamani, acheni tu.

(Wa simu janja mnacheka. Chekeni.)

Mwalimu mkuu akasikia. Akaingia darasani kafura, anataka kamusi yake, na nikiendelea kazi sina. Nikamjibu kwa adabu kwamba watoto hawajamaliza. Msidhani sikuogopa, kazi ile ndiyo ilikuwa inamlisha mama yangu.

Akachukua chaki, akaandika ubaoni kosa atakalolitia kwenye faili langu, kwa Kiingereza, herufi kubwa: INSUBORDINATION. Alidhani tutatishika na urefu wa neno lile.

Mara nikasikia karatasi zinafunuliwa. Zuhura, hajatumwa na mtu, yuko kwenye kamusi. Dakika haikuisha, akasimama akasoma:

"Kukataa kutii amri." Akanigeukia. "Ni kweli, Mwalimu?"

"Kweli kabisa," nikasema.

Wiki ileile kazi ikaota mbawa. Sikuomba radhi, na leo siombi.

Nilichojifunza: anayekuzuia kutafuta neno mwenyewe anataka umuulize yeye maisha yako yote.

Mnaoona nilikosea, uwanja wenu huo, semeni. Nipo, na miwani nimevaa.