Volti Ishirini

Wawekezaji walipochukua kiwanda, baba alipunguzwa kazi. Kiinua mgongo hakukinywea pombe. Alikwenda Arusha mjini peke yake, akarudi Oldonyo Sambu na paneli ya sola, betri na kifriji kidogo cha kuwekea insulini. Alikuwa na sukari, na dawa ilikuwa inamharibikia kwenye chungu cha mchanga mbichi, maana joto la upande wetu wa mlima halina adabu na umeme haukuwa umefika. Siku moja alijidunga dawa iliyokwisha kufa, akaanguka zizini.

Mimi nilikuwa fundi redio Kisongo, na hakuniambia! Eti alitaka kunishangaza. Niliitwa kifriji kilipokuwa kinawaka kidogo na kuzima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Pima volti. Dukani ilisoma ishirini!"

Nikapima. Sindano ya mita ikaruka hadi ishirini. Baba akamgeukia yeyo, mama yangu: "Si nilikwambia?" Yeyo akapiga vigelegele. Mimi nilikuwa na hasira, kwa sababu muuzaji alimwonyesha mzee volti tu. Tangi likiwa juu na bomba limeziba, utakunywa nini?

Nikahamisha waya, nikapima ampea, yaani umeme wenyewe unaotiririka. Jua la saa sita, wingu hata la dawa hakuna. Sindano ikatikisika, ikalala. Nikafuta vumbi kwa shati langu, nikaigeuza paneli huku na huku kama mwendawazimu. Wapi! Mzee alikuwa ameingizwa mjini mchana kweupe.

"Inasemaje?" baba akauliza.

Nilimweleza. Hakubisha, na hilo ndilo lililoniumiza, maana baba alikuwa mbishi kupindukia. Aliitoa dawa kwenye kifriji, akairudisha chunguni mwenyewe.

Niliibeba paneli mpaka dukani. Palikuwa panauzwa mitumba, na mwenye sola hakuna aliyemjua. Nikairudisha nyumbani. Tangu hapo yeyo aliiosha kila asubuhi, na kila nilipokuja alitaka nipime. Nilipima, jibu likawa lile lile.

Tulimzika baba kabla ya mvua za vuli. Waombolezaji walipoanza kuondoka, yeyo alinivuta pembeni.

"Mwanangu, pima tena. Leo nimeiosha kwa sabuni."

Nikaenda kuchukua mita.