Siku Nilipoacha Daftari Nyumbani

Niliporudi Gisenyi kutoka Tanganyika, miaka ya hamsini ikiwa bado michanga, nilikuja na sanduku la bati, viatu vya ngozi na diploma ya ukarani. Diploma hiyo hakuna mjomba aliyeniombea. Mchana nilipima chumvi na sukari katika duka la watu, jioni nilifanya masomo niliyoletewa kwa posta, na nikafaulu yote.

Nilirudi pia na utaratibu wangu wa kusoma. Sikufungua kitabu bila penseli mkononi. Kila jambo la maana lilipata kikaratasi chake, na juu yake jina la kitabu na ukurasa. Vikaratasi vilikaa kwenye makopo: kopo la historia, kopo la kilimo, kopo la maneno mazuri. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kwenye ghala la kahawa nilikokuwa karani, nilichota vikaratasi vitatu nikaandika ukurasa mmoja. Sikuruka siku, hata nilipokuwa na homa. Mjini pale sikuona mwingine mwenye mpango kama huo, na nilitafuta.

Ndipo gazeti moja la Kiswahili, lililosomwa pande zote mbili za mpaka ulio kando ya mji wetu, likatangaza kwamba linataka mwandishi wa Gisenyi. Anayetaka apeleke kwanza habari moja ya maisha ya ziwani, kabla mwezi haujaisha. Nafasi ile niliitaka kuliko nilivyoitaka diploma. Nikafungua makopo yangu. Nilikuwa na mifereji ya nchi za mbali na ufugaji wa nyuki. Juu ya ziwa lililokuwa mbele ya mlango wangu sikuwa na kikaratasi hata kimoja.

Jumapili nikatembea hadi Nyamyumba, daftari mkononi, penseli sikioni. Ufukweni nikamkuta mvuvi akitoa maji kwenye mtumbwi.

"Una mitumbwi mingapi, ndugu?"

"Mi sina mutumbwi, bwana karani. Hii iko ya shemeji yangu."

"Shemeji yako yuko wapi?"

"Alikufa."

Mwanamume mwingine, aliyeshika kamba ya mtumbwi huo, aliinama, akatazama mchanga kwa huzuni. Nikaandika: amekufa.

Kwenye chemchemi ya maji ya moto alikuwapo mama mmoja na kikapu cha viazi vitamu. Nikamwuliza wanapika nini katika maji yale. "Maji gani?" akasema, mvuke ukimfunika hadi mabegani. "Haya iko baridi tu." Nikaandika hilo pia.

Nilipanga chumba kwa fundi cherehani, Mwislamu wa mjini ambaye hakuheshimu karatasi yoyote isipokuwa ya kukatia nguo. Nilipomsomea habari yangu, alisimamisha cherehani akacheka mpaka akavua kofia.

"We, bwana diplome, uko na viatu, uko na kitabu. Kule mutu wa hivyo anakuya kuandika kodi. Ungeniuliza mimi, ningesema hata shuka sina."

"Sasa nitakumbukaje bila kuandika?"

Akakata uzi mrefu, akanitupia. "Kila neno, funga fundo. Mukono ikae mufukoni. Utaandika nyumbani."

Jumapili iliyofuata nikaacha daftari nyumbani. Viatu sikuvivua, maana nilivinunua kwa jasho langu. Nikanunua viazi njiani, nikaketi penye chemchemi. Mama yule alikuwapo.

"Leo hauandike? Kodi imeisha?"

"Mimi si mtu wa kodi, mama. Naandikia gazeti."

Akafikiri. "Donc, basi, na mi nitakuwa ndani?"

"Usiposema maji ni baridi."

Alicheka, akachukua viazi vyangu, akavitia katika mfuko wake wa kamba za mgomba na kuuzamisha majini. Akanieleza kwamba kila mwanamke anafunga mfuko wake kwa namna yake, ili jirani asiopoe viazi visivyo vyake. Akanieleza nani alishawahi kuopoa, na alivyosema aliposhikwa. Mfukoni mwangu vidole havikupumzika. Viazi vilipoiva nilikuwa na mafundo kumi na moja, na nilirudi karibu nikikimbia, nisije nikasahau yaliyokuwa ndani yake.

Kuanzia hapo utaratibu wangu ulikuwa hivi: vitabu kwa penseli, watu kwa uzi, na asubuhi ukurasa mmoja uliochota kwa vyote viwili. Habari ya viazi niliiandika asubuhi nne, nikaipeleka posta siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi.

Jibu lilikuja baada ya majuma matatu. Habari itachapwa, na je, ningekubali kuwa mwandishi wao wa Gisenyi? Nilisimama palepale posta nikaandika, kwa mwandiko wangu bora, kwamba nimelipokea ombi lao na nitalifikiria kwa makini. Kisha nje nikasikia gari la barua likiwashwa. Nikaichana karatasi ile, nikaandika nyingine yenye neno moja, nakubali, nikatoka mbio kumpa dereva kwa mkono wangu.