Darubini juu ya bunduki ya Baba

Jamani, bado nina damu ya Baba kwenye shati, lakini acha niwaambie.

Mnaijua bunduki yake ya zamani, ile ambayo lazima uvute chuma cha chini ndipo risasi nyingine ipande. Mwezi mzima tumebishana. Mimi nataka tuifunge darubini ya kulengea. Baba hataki.

"Mura, kijana wangu, hii inatema ganda la risasi juu. Ukiiziba mdomo itatapikia wapi?"

Nikamwona mshamba. (Haya, nichekeni.) Jana nikaipeleka kwa fundi baiskeli Tarime bila kumwambia. Akaifunga palepale juu.

Leo asubuhi simba kaingia kwenye ng'ombe wa kijiji chetu cha ujamaa, hapa Nyanungu. Nikamlenga kutoka ng'ambo ya shamba la mihogo. Nikamwona hadi masharubu. Nikafyatua, nikampata ubavuni.

Akageuka. Akaja.

Nikavuta chuma. Ganda likaruka, likagonga darubini, likarudi ndani, likakwama. Navuta, haliji. Nasukuma, haliendi.

Baba, aliyekuwa nyuma yangu, akanipita mbio na mkuki. Simba akamdaka bega, nikasikia mfupa ukivunjika. Nikamtwanga simba kichwani kwa kitako cha bunduki hadi mbao ikapasuka. Majirani wakammalizia kwa mikuki.

Tukambeba Baba juu ya kitanda hadi zahanati. Nililia njia nzima. Hakunigombeza hata kidogo. Alifumbua macho mara moja tu.

"Mura, lakini ulimwona vizuri kwa darubini yako?"

Ninyi mngemjibu nini?