Washindi wa Usafi

Sisi tuliokulia mtaa wa Jericho, Nairobi, miaka ile ya sabini hatukuijua kazi ya kujitolea kwa jina hilo. Tuliijua kama Jumamosi. Wenzangu wakicheza kati na blada uwanjani, mimi nilikuwa nimeketi kwenye ukumbi wa kanisa, mikono nimeinyoosha mbele, mama akinizungushia uzi wa sufu mpaka mabega yananiwaka moto. Harufu ya sabuni ilikuja na upepo kutoka viwanda vya Industrial Area, nami mawazo yangu yote yalikuwa kwenye mandazi tuliyoahidiwa kazi ikiisha.

Watu wa misheni ng'ambo walikuwa wakituletea mabando ya masweta ya mitumba ya kuwagawia maskini. Mama yangu ndiye aliyekuwa kiongozi wa akina mama wa kanisa, na alikuwa na sheria moja: hakuna sweta litakalotoka ukumbini jinsi lilivyoingia. Tuliyafumua yote. Uzi ukafuliwa, ukatiwa rangi ya bluu katika sufuria kubwa ya kanisa ya harusi (chai ya harusi iliyofuata watu waliinywa kwa mashaka), kisha akina mama wakaufuma upya kwa spoki za baiskeli, yakatoka masweta ya shule. Mtoto akilivaa, huwezi kumtofautisha na aliyenunuliwa lake dukani. Hilo ndilo mama alilotaka, na alikuwa mkali nalo kuliko alivyokuwa mkali na dhambi.

Hata kugawa hakukuwa kugawa. Masweta yalipelekwa kwa mwalimu wetu kimyakimya, naye akayatoa kama tuzo ya usafi. Mwaka ule shule yetu ilikuwa na washindi wa usafi wengi ajabu, na baadhi yao, Mungu anisamehe, walikuwa wachafu kupindukia.

Mmoja wa washindi alikuwa mwenzangu wa dawati. Nitamwita Nduku, maana jina lake sitalitaja hata mnipe nini. Alitembea kutoka mabanda ya Mukuru kila asubuhi, na alikuwa amefukuzwa shule mara mbili kwa kukosa sweta. Baba yake, kibarua wa viwandani, alikuwa amemwambia mwalimu waziwazi: afadhali mtoto wangu akae nyumbani kuliko avishwe nguo ya kuombaomba. Lakini tuzo ni tuzo. Mzee yule alitembea nalo sweta hilo mtaani akiwaonyesha majirani.

Sasa, Jumapili moja akaja mgeni wa misheni, mzungu mrefu mwenye kamera kifuani. Alitaka picha ya mtoto aliyesaidiwa. Mchungaji alimwendea mama nje ya kanisa, nami nilikuwa nimeshika sketi yake.

"Mama Mumbua, nipe orodha."

"Orodha hakuna, Mchungaji."

"Bila picha hawa watu hawatatuma bando lingine."

"Si wawache basi? Mitumba ya Gikomba iko hapa tu."

Mchungaji hakukata tamaa. Alituingilia kwenye darasa letu la Jumapili, mgeni nyuma yake. Watoto wote walikuwa na masweta ya bluu. Akanitazama mimi, kwa sababu alijua nashinda ukumbini. "Mumbua, wewe unasaidianga mama. Hebu tuonyeshe mmoja tu."

Nduku alikuwa ameketi kando yangu, anatabasamu, hajui lolote. Nilijua nikimtaja tu, habari itafika Mukuru kabla ya chakula cha mchana na Jumatatu dawati litakuwa langu peke yangu. Nikasimama.

"Ni mimi."

Mchungaji alikuwa amekula kwetu mara nyingi. Alijua baba yangu ni karani mjini. Alinikazia macho kitambo, kisha akamgeukia mgeni na kumtafsiria. Mgeni akaniomba nivue viatu. Nikavua.

Mwaka uliofuata ikaja kalenda, nami niko juu ya miezi yote kumi na miwili, pekupeku, uso umenyong'onyea. Ilitundikwa kanisani. Watoto wa mtaa waliniita Maskini wa Kalenda, na nililia sana, nisione wa kumweleza. Baba alipoiona alinyoosha mkono kuing'oa ukutani.

"Mtoto wangu mimi? Nani alisema simnunulii viatu? Naitoa leo leo!"

Mama akamwambia polepole, "Baba Mumbua, ukiitoa, watauliza basi ni nani."

Baba akaushusha mkono. Jumapili iliyofuata alifunga tai yake, akatuongoza mpaka benchi lililo chini kabisa ya kalenda ile, akaketi kichwa juu. Tuliketi hapo mpaka Desemba. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda baba mwaka ule.

Siku hizi ninyi mnasaidia kwa fujo. Fulana mpya, spika, wapiga picha sita na pakiti nne za unga. Juzi vijana wa mtaa walinijia nyumbani wakitaka niwapangie wajane foleni uwanjani wapigwe picha wakipokea. Niliwaambia waache unga, nitaufikisha mimi, kamera warudi nazo.

Mmoja, wa umri wa mjukuu wangu, akacheka. "Shosh, siku hizi bila picha ni kama haikufanyika."

Niliwafungia geti, na unga wao nikawarudishia. Nikaketi na hasira yangu jikoni, nikimkumbuka mama na mikono yake ya bluu, na jinsi wakubwa wa wakati ule walivyojua kunyamaza. Nduku alimaliza shule. Baba yake aliishi akazeeka, na mwaka aliokufa bado alikuwa akiwasimulia wageni kwamba binti yake ndiye aliyekuwa msafi kuliko watoto wote wa shule.