Mkono wa Mama Ukutani

Juzi, mjukuu wangu, nilikukuta ukichora mkono wa mtu, ukanieleza kwamba kutoka kiwikoni hadi kifundoni kuna mifupa miwili, na kiganja kikigeuzwa, mmoja huupanda mwenzake. Mimi sikusoma, lakini hilo nililijua utotoni, kule Mambrui. Andika ninavyosema, wala usinipambie.

Mama yangu alikuwa amefariki, nami nililelewa na shangazi. Alasiri moja, jiko likinuka moshi wa vifuu, alinikuta nikichora mtu ukutani kwa kipande cha kaa.

"Futa, mwanangu. Mwenye kuchora chenye roho, siku ya kiyama huambiwa akitie roho. Wewe utaweza?"

Yeye alinionya, mimi nilisikia ahadi. Alipoingia ndani kusali, niliuchora mkono wa mama, ule uliokuwa ukinisuka nywele. Sikuukumbuka vyema, kwa hiyo niliupapasa wangu, nikikigeuza kiganja, nikahisi mifupa ikipishana chini ya ngozi. Nilichora, nikafuta, nikachora tena, kwani niliamini kwamba mkono uliokosewa haungepewa roho.

Ulipotimia, nilifumua nywele zangu, nikaketi chini yake, nikaupa ukuta kisogo. Nilingoja muda mrefu, nikiwasikiliza kuku wakichakura uani.

Kisha nilihisi vidole kichwani, vikianza kusuka. Vilikuwa vizito, vikinuka kitunguu saumu, nami nilijua ni vya shangazi. Sikugeuka mpaka alipomaliza.